Nani achague chuma cha springi: mnunuzi au kiwanda?

Ukiagiza springi za gari kwa kiwanda cha nje, mvutano huanza kwenye gredi ya chuma. Mnunuzi anataka kuitaja mwenyewe, kiwanda kinataka kiachiwe.

Kiwanda kina hoja nzito. Kama kila siku kinatumia 5160, chuma chenye kaboni karibu 0.6% na kromi karibu 0.8%, kimeshazoea joto lake, oili yake ya kupozea na muda wake wa kukaa tanurini. Kukilazimisha kitumie gredi ngeni kwa agizo dogo ni kulipia majaribio yake, na chuma kizuri kikipitishwa motoni vibaya hutoa springi mbovu.

Tena, wanunuzi wengi hudai gredi ghali kwa sababu isiyo sahihi: wanataka springi ngumu zaidi kubonyea. Gredi haibadilishi hilo. Vyuma vyote vya springi hupinda karibu sawa kwa mzigo uleule. Kinachobadilisha ni vipimo: jani (bamba moja la springi ya bapa) lenye unene wa mm 10 likifanywa mm 11, ukakamavu hupanda kwa takriban 33%. Gredi inaamua springi itabeba mkazo kiasi gani kabla ya kulala, yaani kushuka kimo bila kurudi, na itadumu muda gani.

Hapo ndipo mnunuzi naye ana haki ya kusema. Jani likiwa nene, moyo wake hupoa polepole kwenye oili na unaweza kubaki laini. Gredi ya 51CrV4, yenye vanadi, hugumu kwa kina zaidi. Kwa springi za koili, gredi ya 54SiCr6 hustahimili kulala kwa sababu ya silikoni yake, lakini silikoni hiyohiyo hurahisisha kaboni kutoroka juu ya chuma kinapokuwa tanurini. Kata kipande, king'arishe, kipake asidi ya nitriki iliyozimuliwa kwa spiriti, kisha tazama kwa hadubini: ukiona ukanda mweupe pembeni, hiyo ni ngozi iliyopoteza kaboni. Ni laini, na nyufa za uchovu, zile zinazoletwa na mzigo unaojirudia, hupenda kuanzia hapo.

Kwa hiyo naona gredi iwe ya kukubaliana, ila masharti ya matokeo yasiachwe hata moja: mzigo kwa kimo kilichotajwa, ugumu wa juu na wa chini (majani mengi huwa kati ya 42 na 49 kwa HRC, kipimo cha ugumu cha Rockwell), kina cha juu cha ngozi iliyopoteza kaboni, uso kupigwa risasi ndogo za chuma, jaribio la uchovu, na cheti cha kila myeyusho (fungu la chuma kilichoyeyushwa pamoja). Gredi isibadilishwe bila idhini ya maandishi. Ubadilishaji wa kimyakimya ndio unaoumiza zaidi, maana sampuli ulizopima hazihusiani tena na shehena unayopokea.

Usisahau kinga ya kutu. Kuchovya zinki kwa umeme huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na springi inaweza kukatika siku kadhaa baadaye gari likiwa limeegeshwa tu. Dai rangi ya unga, juu ya tabaka la fosfati.