Simamisheni Kila Gari, Bora Msituamulie kwa Tochi

Jumamosi usiku kikundi chetu cha WhatsApp cha mtaani, ambacho huwa kimya hata mtu akiomba mchango wa matanga, kilifufuka ghafla: “Alcoblow wako Thika Road, piteni njia za ndani.” Alcoblow ni kile kifaa ambacho polisi wa Kenya humpulizisha dereva kupima pombe kwenye pumzi yake. Vidole gumba na “ubarikiwe” vikamiminika. Yaani tunamwombea baraka anayewaelekeza walevi kwenye njia zisizo na taa wala pa kutembea!

Nikauliza kama hiyo ni akili. Jirani mmoja, mzee wa kanisa, akanijibu, “Kwani hujui hao askari wanatafuta nini?”

Najua, wanatafuta hongo. Ndiyo maana hasira yangu ina pande mbili.

Kumsimamisha dereva usiku na kumwambia apulize si dhuluma. Dhuluma huanza pale askari anapoachiwa kuamua. Vifaa vilipoingia barabarani Desemba 2013, kanuni ziliweka kikomo: mikrogramu 35 za pombe kwa mililita 100 za pumzi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni hizo zinagongana na kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, ambacho hakihesabu mikrogramu. Kinauliza kama umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Wanywaji wakashangilia kana kwamba timu yetu ya taifa, Harambee Stars, imeleta kombe nyumbani.

Majaji siwalaumu, waliisoma sheria ilivyoandikwa. Lakini hebu ipeleke barabarani saa nane usiku. Nani anaamua kwamba umeshindwa? Askari mwenye tochi. Macho mekundu, ni pombe au umetoka shifti? Unababaika, ni bia au ni woga? Hapo kwenye “labda” ndipo noti inapotoka mfukoni. Nambari haina labda: 34 nenda zako, 36 shuka. Walioshangilia siku ile walishangilia kupandishiwa bei ya kitu kidogo.

Nambari hiyo ikae ndani ya Sheria yenyewe, ipitishwe na Bunge, isibaki kanuni ya kupanguliwa kortini. Skrini aione dereva kabla ya askari kufungua mdomo. Na wapulize wote. Siyo Probox na matatu zinapangwa foleni huku V8 yenye vioo vyeusi ikipigiwa saluti.

Tena sisi raia tusijifanye malaika. Alcoblow ilipoanza, waliibuka vijana wa kukaa kabla ya kizuizi. Unamlipa mmoja, anakuvusha akiwa mkavu, mkifika ng'ambo unarudishiwa usukani na ulevi wako. Ubunifu huo ungeelekezwa kwenye viwanda, tungekuwa mbali.

Sawa, mwanamke aliye peke yake akisimamishwa gizani ana haki ya kuogopa, hilo sibishi. Basi kizuizi kiwe penye taa, karibu na kituo cha petroli, askari wavae nambari zao kifuani na baadhi yao wawe wanawake. Kuna ugumu gani? Na aliyepita kikomo alale seli, Jumatatu asubuhi awe mbele ya hakimu, badala ya kuzungushwa mjini nyuma ya Land Cruiser ya polisi mpaka alfajiri akiambiwa “ongea vizuri, mkubwa.”