Bwawa ni lao, mafuriko ni yetu

Bwawa la shambani likiwa zima, ni mali ya mtu. Hati ni yake, samaki ni wake, na ukikaribia tuta askari wa geti anakuuliza umetumwa na nani. Siku likivunja kingo ndipo linageuka la wananchi: chifu anaitwa, Msalaba Mwekundu wanakuja na mablanketi, wanasiasa wanafika na viatu vya mpira ambavyo havijawahi kuona tope. Mgao huu siukubali, na nitasema kwa nini.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel kule Solai, Kaunti ya Nakuru, lilivunja kingo zake wakati wa masika. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wakiwa wanawake na watoto waliokuwa nyumbani. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ikasema bwawa halikuwa na kibali. Jambo hilo bado linanikera: tuta refu kama lile si sindano, huwezi kulificha kwenye nguo. Lilionekana mchana kweupe miaka na miaka. Julai 2018 watu tisa, wakiwemo wasimamizi wa shamba na maofisa wa serikali, wakashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Februari 2020 mahakama ya Naivasha ikawaachilia, upande wa mashtaka ukilaumiwa kwa kujikokota, kisha Mahakama Kuu ikaamuru kesi irudishwe. Waliopoteza jamaa wamejua njia ya kortini kuliko walivyowahi kuijua njia ya kwenda kuliangalia lile bwawa.

Kuna watu watasema Solai ilikuwa kubwa, vya kwetu ni vibwawa tu. Haya, tupige hesabu. Kanuni za maji za 2007 ziliweka kwenye daraja la chini la hatari mabwawa yenye kina kisichofika mita 5. Chukua bwawa la eka moja lenye kina cha wastani cha mita 3. Hapo umehifadhi mita za ujazo kama 12,000, yaani tani 12,000 za maji, zimezuiwa na udongo ulioshindiliwa, pengine kwa trekta la kukodi na ng'ombe waliopitishwa juu yake. Chini ya mteremko kuna vibanda vya vibarua, kwa sababu huko ndiko ardhi ilikouzwa rahisi.

Huku kwetu liko moja la namna hiyo. Kwa mbali linapendeza, nyasi kijani, ndege weupe. Panda juu ya tuta uangalie vizuri. Mikaratusi imeota mgongoni mwake, mingine imekatwa na visiki vimeachwa vioze. Mzizi ukioza unaacha tundu, na tundu ndani ya tuta ni mwaliko kwa maji. Fuko naye kachimba zake. Ng'ombe wamekanyaga sehemu moja hadi ukingo umeshuka, na hapo penye bonde ndipo maji yatakapopita kwanza bwawa likifurika. Ule mtaro wa pembeni wa kutolea maji ya ziada, ambao ndio uhai wa bwawa la udongo, umezibwa kwa mifuko ya mchanga ili maji yabaki mengi ya kumwagilia. Nilipomuuliza mzee anayelinda, alicheka. "Hili limekaa tangu enzi za mkoloni, mwanangu. Halina neno."

Kukaa muda mrefu si cheti. Tuta la udongo huzeeka kwa ndani, kimyakimya. Maji yanayochuruzika kwenye kitako chake yakiwa maangavu, unaweza kuyafuatilia kwa wiki kadhaa ukiona kama yanaongezeka. Yakianza kutoka na rangi ya chai ya maziwa, yanabeba udongo wa ndani ya tuta, na hapo huna wiki. Una saa, pengine.

Na si lazima liitwe bwawa. Mai Mahiu, kaunti hiyo hiyo ya Nakuru, Aprili 2024, watu walisema kwanza bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba kalvati, ile njia ya kupitishia maji chini ya tuta la reli, liliziba kwa takataka na magogo, maji yakajaa nyuma yake hadi tuta likaachia. Makumi ya watu walikufa chini ya ukuta ambao hakuna aliyeuhesabu kuwa ni bwawa.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki: anayelala chini ya tuta awe na haki ya kulipanda. Wakazi wachague watu wao wawili watatu, waingie getini bila kuomba, walitembelee tuta kabla ya masika na kila baada ya mvua kubwa, wapige picha, wapeleke kwa mhandisi wa mamlaka na nakala kwa chifu. Vibali viendelee kutolewa, sikatai, lakini karatasi iliyoko kwenye faili Nakuru haioni maji ya rangi ya chai saa kumi na moja jioni.

Mwenye shamba atalia gharama. Kufyeka vichaka na kuzibua mtaro ni kazi ya vibarua na majembe. Akiwa na shaka na tuta, ashushe maji kwa mita moja: bomba la plastiki lijazwe maji, lilazwe juu ya tuta, mdomo mmoja bwawani na mwingine chini kabisa upande wa pili, litavuta lenyewe bila dizeli. Afanye polepole, maana maji yakishuka ghafla udongo uliolowa wa upande wa ndani huporomoka. Sukumawiki zitapungua msimu mmoja, sawa. Lakini maji hayo ayatoe Februari, kabla mawingu hayajafunga, kwa sababu masika yakishapamba moto bomba moja halitaweza kushindana na mvua.