Nimemaliza Deni, Wamenishusha

Jumanne iliyopita nililipa dola za mwisho za gari langu. Miaka minne nilikuwa nakatwa kila tarehe 5. Nilikuwa nimeegesha nje ya kazini, nikafunga vioo na kupiga kigelegele peke yangu. Ijumaa simu ikaniletea ujumbe kwamba alama zangu za krediti, ile namba ambayo wakopeshaji wa huku Marekani wanampimia mtu uaminifu wake wa kulipa, zimeshuka kutoka 741 hadi 718.

Nikajua nimeibiwa. Nikapiga simu, nikapokewa na dada mmoja mpole sana, akanieleza kwamba hakuna kosa lolote. Mkopo wa gari ulikuwa unanipa sifa, sasa umefungwa, basi sifa nayo imepungua. Nikamuuliza, kwa hiyo dhambi yangu ni kulipa? Akacheka. Akasema nisiwe na wasiwasi, nikichukua mkopo mwingine zitapanda tena.

Mimi nimekulia Chang'ombe, Dodoma. Mangi wa mtaani kwetu alikuwa na kaunta buku lenye jalada jeusi, na kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake. Wa kwetu ulikuwa umejaa sukari robo, mafuta ya taa, sabuni nusu mche. Mshahara wa mama ukichelewa tulikuwa tunapita uchochoro wa nyuma ya msikiti ili Mangi asituone, na nyie mnaujua uchochoro huo, kila mtaa unao. Halafu siku mama akilipa, Mangi alitoa rula. Hakuwa mtu wa kuchora kwa mkono. Aliweka rula kona hadi kona, akaukata ukurasa wote kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu, kisha akanipa pipi kifua. Siku hiyo tulirudi nyumbani kwa barabara kubwa, katikati kabisa, mama akisalimia hadi watu asiowapenda.

Sasa huku ndiko wanakonishusha alama kwa kukata ukurasa.

Na mji wenyewe ndio ulioanza haya. Ninaishi Fresno, California. Kwa mtu wa Dodoma si ugeni mkubwa: jua kali, vumbi, na mashamba ya zabibu hadi macho yachoke, ila wao zao wanazianika wanauza dunia nzima, sisi zetu tunalia na soko. Mwezi Septemba 1958 Bank of America iliwatumia watu wa Fresno kadi 60,000 kwa posta. Hakuna aliyeomba. Unafungua sanduku la barua, unakuta kadi yenye jina lako na mkopo wako uko tayari ndani yake. Ndiyo kadi iliyokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Walipoisambaza California nzima walikadiria kwamba asilimia 4 ya wateja wangechelewa kulipa, wakachelewa zaidi ya asilimia 20, na wezi nao wakala walichokula. Serikali ilikuja kupiga marufuku kutumiana kadi zisizoombwa mwaka 1970. Wakati huo mazoea yalishaota mizizi.

Bibi mmoja ninayemhudumia alikuwa msichana wa shule mwaka huo wa 1958. Anakumbuka baba yake akiigeuzageuza ile kadi mezani kama barua ya polisi. Mzee huyo alikuwa askari wa vita vya pili, amerudi akapata nyumba kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali, kwa sheria ya askari ya 1944, bila kutanguliza hata senti. Wakati wa vita viwanda vilikuwa vimeacha kutengeneza magari ya raia, watu wana akiba na hawana cha kununua. Vita vilipokwisha ikawa friji, televisheni, mashine ya kufulia, gari, vyote kwa kulipa kidogo kidogo. "Baba alikufa bado anadaiwa," bibi aliniambia, na hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayesema baba alikufa bado anapenda kahawa.

Kwetu maneno hayo yanasemwa makaburini, watu wameinamisha vichwa, na msemaji wa familia anauliza nani anamdai marehemu ajitokeze.

Hapa nina shemeji yangu mmoja ambaye tayari ameshaanza kuandika: "Kama huko kubaya, rudi." Shemeji, sijasema kubaya. Na yupo mwingine atakayesema najivuna kwamba nina gari. Gari lenyewe ni la 2014 na mlango mmoja haufunguki kwa ndani. Tena wacha niseme linaloniuma mimi mwenyewe, kwamba gari hilo nililipata bila kumjua mtu. Nyumbani nilipoomba mkopo mdogo wa cherehani mbili, nilitakiwa kuleta wadhamini wawili, barua ya serikali ya mtaa na hati ya nyumba ya mjomba, na mjomba mnamjua. Huku ile namba haikuniuliza mimi mtoto wa nani. Naiheshimu kwa hilo.

Ila msiniambie kwamba ilishuka na haki kutoka mbinguni. Bibi yangu huyo alikuwa mwalimu, mshahara wake ulimzidi mumewe, na bado duka lilimkatalia kadi hadi mume atie saini. Sheria ya kuwakopesha wanawake kwa majina yao ilipita mwaka 1974. Weusi wa West Fresno mitaa yao ilipakwa rangi nyekundu kwenye ramani za mikopo tangu miaka ya 1930, yaani kukopesha huko ni hatari, kwa hiyo huo mteremko wa baada ya vita, askari wengi weusi waliusikia tu kwa jirani.

Halafu riba. Kadi yangu inatoza zaidi ya asilimia 20, na watu huku wanalalamika, na wana haki. Lakini ni kwa mwaka, ndugu zangu. Mama mdogo alichukua laki tatu za kausha damu pale Majengo, na mkishasikia neno hilo sina haja ya kuendelea. Friji lilibebwa saa nne asubuhi, mtaa mzima umesimama. Huku gari linavutwa usiku, jirani anajua tu kwamba umeanza kupanda basi. Sijui lipi lina heshima zaidi. Nadhani ni la huku, halafu nikikumbuka kwamba bibi hana jirani hata mmoja anayemjua kwa jina, sina uhakika tena.

Wafanyabiashara wetu wana neno, mali kauli. Unachukua magunia, unaacha maneno yako. Huku sijapata neno la namna hiyo. Nilipofika mara ya kwanza nilinyimwa chumba cha kupanga kwa sababu sijawahi kudaiwa na mtu. Nilimwambia yule wakala kwa fahari kabisa, tangu nizaliwe sina deni. Akanitazama kama niliyemwambia sina figo.

Jumamosi nikampigia mtoto wa Mangi, ndiye mwenye duka sasa. Kaunta buku bado lipo. Ananitumia picha ya ukurasa wa mama kila mwisho wa mwezi. Safari hii ilikuwa shilingi 23,400: unga, sabuni, mchele, vocha. Nikatuma hela kwa simu. Haikupita nusu saa picha ikarudi, mstari mwekundu kona hadi kona, na naapa umepigwa kwa rula.

Nikamwandikia: na pipi yangu?

Akajibu kwamba mama alipita asubuhi, ameshaila.