Albamu za zamani kupigwa miksi upya: zinaokolewa au zinachezewa?

Siku hizi kila mwaka lazima albamu fulani kubwa ya zamani irudi sokoni na "miksi mpya" na kila ikirudi watu wanagombana, hawa wanasema afadhali sasa tunasikia vizuri, wale wanasema acheni kugusa vitu vya watu. Sizungumzii rimiksi ya DJ, nazungumzia kurudi kwenye tepu za studio, kuchukua besi, drams, gitaa na waimbaji kila kimoja peke yake na kuvipanga upya. Rimasta ni kitu kingine kabisa, pale wanang'arisha tu wimbo ulioshapangwa.

Kiukweli mi nilikuwa upande wa waache ilivyo. Alafu siku moja nasikiliza Revolver ya The Beatles, ile ya 1966, hedfoni ikafa upande wa kulia, kufika Eleanor Rigby nikabaki na violini na selo tupu, mwimbaji hayupo! Yaani pale mwanzo wa beti jina "Eleanor" linasikika kushoto, alafu ghafla Paul McCartney anahamia kulia anapotea, kumbe kuna mtu studio alichelewa kufunga chaneli na kosa lake likabaki hapo hapo miaka yote. Nikajiuliza hivi hapa namtetea msanii au fundi aliyekuwa na haraka.

Maana enzi hizo stereo ilikuwa ya wachache, kazi ya maana ilifanyika kwenye mono, yaani sauti ile ile spika zote, wakati stereo inagawa kushoto na kulia. Sgt. Pepper's ya 1967, ya Beatles hao hao, bendi yenyewe ilihangaika na miksi ya mono, stereo ikamaliziwa fastafasta bila wao, mpaka She's Leaving Home kwenye mono inaenda mbio kidogo kuliko kwenye stereo. Kwa hiyo mtu akikwambia anataka orijino muulize orijino ipi. Giles Martin, mtoto wa George Martin aliyekuwa prodyuza wao, alipoirudia stereo mwaka 2017 aliifuata ile mono, na hapo sina ugomvi naye. Revolver ilikuwa kazi zaidi, mfano Taxman gitaa, besi na drams ziko kwenye traki moja, hazitoki, mpaka timu ya mwongozaji filamu Peter Jackson ilipotengeneza programu ya kutenganisha sauti kwa ajili ya Get Back, makala yake ya Beatles, ndo miksi ya 2022 ikawezekana.

Ila hapo ndo naanza kuwaelewa wapinzani, ukishaweza kutenganisha kila kitu utaishia wapi sasa? Mwaka 2002 Blizzard of Ozz na Diary of a Madman za mwimbaji wa roki Ozzy Osbourne zilirudi madukani besi na drams zimefutwa, zimepigwa upya na watu wengine, sababu Bob Daisley na Lee Kerslake waliozipiga mwanzo walikuwa wanadai mirabaha yao mahakamani. Unanunua albamu ya 1980 unasikia mikono ya 2002, na ikachukua mpaka 2011 ndo orijino zikarudishwa. Huo ni ufutaji wa watu, tusiuite miksi.

Alafu kuna ...And Justice for All ya bendi ya metal Metallica, 1988, ambayo Jason Newsted kapiga besi albamu nzima na humsikii. Mashabiki wamejitengenezea matoleo yao besi imepandishwa, nimeyasikiliza, yananguruma vizuri tu, lakini ule ukavu wake, drams zinagonga kama mtu anapiga ubao na gitaa zinakwaruza juu bila kitu chini, umeondoka, na ukavu ndo albamu yenyewe. Bendi ilipoitoa tena 2018 haikupandisha besi. Pale hakuna aliyechelewa kufunga chaneli, waliamua wenyewe, hata kama waliamua vibaya.

Na usiseme basi tumuachie mwenye mali. Raw Power ya 1973, ya The Stooges, bendi ya mwimbaji Iggy Pop, karibu yote ilipigwa miksi na mwanamuziki mwenzake David Bowie, watu wakalalamika imepooza, 1997 Iggy mwenyewe akairudia akapandisha kila kitu mpaka sauti inapasuka. Wengi wakaanza kuitamani ya Bowie, ikatolewa tena 2010. Mi naona Iggy wa miaka 50 alikuwa anamsahihisha kijana wa miaka 25 na hakuwa na haki zaidi ya mtu mwingine, ingawa najua wapo watakaonirukia hapa.

Kwa hiyo pigeni miksi mpya hata kila wiki, ugomvi wangu ni mpya kukaa kwenye kiti cha ya zamani. Bendi ya roki ya ZZ Top walifanyiwa hivyo 1987, albamu zao za miaka ya 70 zikaingia kwenye CD zikiwa zimebandikwa drams zenye mwangwi wa miaka ya 80, na Tres Hombres ya 1973 haikupata CD ya miksi yake ya mwanzo mpaka 2006. Hiyo ni miaka 19 mtu anasikiliza CD halali aliyoinunua kwa hela yake, anaipenda kabisa, na hajui kwamba wenye santuri zilizokwaruzika ndo wanasikia kitu kingine.