Kijiji cha shea Ghana na VICOBA vya kwetu Dodoma

Nipo kijiji kimoja nje ya Tamale, kaskazini mwa Ghana, najitolea kwenye kikundi cha wamama wanaotengeneza mafuta ya shea, yanayotoka kwenye kokwa za mti wa mshea, na kila nikipiga simu nyumbani Dodoma naulizwa umewapelekea nini. Jamani hawa wamama hawakukaa kunisubiri. Sanduku la akiba wanalo, kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, hisa zinagongwa muhuri kwenye vitabu, yaani VICOBA kabisa, vile vikundi vyetu vya kuweka akiba na kukopeshana, na si ajabu, mfumo huu shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991, ndo ukatufikia na sisi.

Na kazi wanaijua. Kokwa zinachemshwa zinaanikwa zinapondwa zinakaangwa zinasagwa, halafu mama anaukoroga ule uji mzito wa kahawia kwa mkono, mpaka kwenye kiwiko, anaongeza maji kidogo kidogo mpaka mafuta yapande juu meupe. Tatizo ni kwamba msimu wa kuokota unaanza mwezi wa tano na huo ndo muda chakula kinaisha ndani, watoto wanataka kula leo, kwa hiyo anauza kokwa kwa mlanguzi kwa bei ya kutupa. Kikundi kikimkopesha hela ya chakula kokwa zinabaki stoo zikisubiri bei ipande. Mimi nasaidia hapo, kwenye hesabu za mikopo na stoo, basi.

Kwenye ardhi nyumbani tumewazidi na nitalisema hili popote. Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, najua utekelezaji unasumbua ila ana pa kushika. Huku ardhi iko chini ya chifu na mwanamke mara nyingi analima alipoonyeshwa na mume, mwenye shamba akiamua kuukata mshea achome mkaa mama hana la kusema, na mti huo unachukua miaka 15 hata zaidi kuzaa.

Ila sisi tumezoea mradi ushuke kutoka wilayani na gari, na bila posho ya kikao watu hawaji. Huku hakianzi kitu kabla hujaenda kumsalimia chifu na kola zako, zile kokwa za kutafuna, kisha Magazia, kiongozi wa wanawake, na akikataa imekataliwa. Naipenda sana hiyo.

Dada zangu mliowahi kushika vitabu vya VICOBA, mnahitajika huku kuliko wenye digrii. Chakula msiogope, tuo zaafi na ayoyo ni ugali na mlenda tu.