Mafiga Matatu ya Mubende

Jiwe lilipasuka saa 12 na nusu asubuhi, paa! Nikadhani ni tairi la gari letu. Kisha nikasikia sufuria ikibiringika, na sauti ya Hajati mwenye kibanda: "Wewe mwanangu wa mawe! Njoo uone mawe yako mabovu yalivyonifanyia!"

Nikatoka bila viatu. Maharage yalikuwa yametapakaa kwenye majivu, na katikati ya moshi yamekaa mafiga matatu, moja limegawanyika vipande viwili. Nikayatambua mara moja. Yalikuwa sampuli zangu.

Hajati hakuona kosa. Mvua ilinyesha usiku, makaa ya sigiri yakalowa, akaamua kupikia kuni. Mafiga hana, lakini chini ya kibanda chake kuna magunia ya mawe meupe mazuri yamelala tu. Magunia akafunikia kuni. Namba nilizoandika kwa kalamu ya wino mzito zimeungua, na juu yake yamekaa masizi.

Niseme kwanza mawe hayo yalikuwa ya nini. Huku Mubende, Uganda, matale, yaani graniti iliyopanda ikiwa uji wa moto, yamepenya ndani ya miamba ya shisti, mwamba wa tabaka tabaka, iliyokunjwa zamani za ujenzi wa milima ambayo leo haipo, imeliwa yote na mvua na upepo. Matale makuu ya hapa yana karibu miaka milioni 1,850. Shisti yenyewe haikwambii ilikunjwa lini, ila mishipa ya matale inayoipenya inakwambia. Mshipa uliokunjwa pamoja na shisti ulikuwepo kabla ya mkunjo wenyewe. Mshipa unaokata mikunjo moja kwa moja ulikuja baadaye. Pima umri wa yote miwili, na kukunjwa kumebanwa katikati. Ila mshipa kunyooka peke yake si ushahidi: ukilala sambamba na upande ambao mwamba ulivutwa, nao huvutwa ukabaki umenyooka kama rula. Ndiyo maana tunapiga magoti kutazama kama ulanga, yale madini ya kumetameta, ndani yake umejipanga mstari mmoja au umetawanyika ovyo.

Kwa hiyo namba 1 ilikuwa mshipa uliokunjwa, namba 2 mshipa unaokata, namba 3 tale kuu lenyewe. Kila moja kilo 8 hivi, limechongwa ganda lote lililooza kwa hali ya hewa. Lililopasuka ni namba 3, na hilo halikunipa shida, kwa sababu lina punje za madini ya feldispa kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Shida ni 1 na 2. Zote ni tale jeupe la chembe ndogo, zinafanana kama mayai ya kuku mmoja. Picha zilikuwepo kwenye simu. Zilionyesha mayai mawili ya kuku mmoja.

"Moto umeyaharibu?" dereva akauliza.

Moto wenyewe haukunitisha. Tunachopima ni zirkoni, vipunje vya madini vya sehemu ya kumi ya milimita. Zirkoni inapojijenga hukubali urani na kuikataa risasi, ile metali nzito, kwa hiyo risasi utakayoikuta humo baadaye imetokana na urani iliyooza, na nusu ya urani-238 huchukua miaka bilioni 4.47 kuisha. Kuitoa risasi hiyo kunataka joto la zaidi ya nyuzi 900, tena kwa muda mrefu sana, si kwa maharage. Kwatzi, madini mengine ya tale, ndiyo isiyovumilia: kwenye nyuzi 573 hubadili umbo na kutanuka ghafla, na jiwe likiwa limelowa mvua, nje moto ndani baridi, hupasuka. Ulanga nao niliufuta kwenye hesabu, maana huachia mapema agoni, gesi inayopimiwa umri wake. Na udongo wa jikoni una zirkoni zake, za mwamba wowote ule, hivyo ganda la nje lilibidi litoke tena lote.

Utauliza kwa nini tusivunje mawe mengine. Mpini wa nyundo ya kilo 4 ulikatika jana yake, na tale la chembe ndogo ukiligonga kwa nyundo ya mkononi linakucheka.

Basi tukapanda mlima na mafiga mabegani, dereva moja, mimi moja, masizi yakitutiririka shingoni pamoja na jasho. Kule juu tukaanza kuyajaribisha kwenye mapengo tuliyoyatoa, kama fundi wa meno na meno ya bandia. La dereva kwenye mshipa uliokunjwa: halikai. Geuza. Halikai. Tukalipeleka kwenye mshipa unaokata, tukalizungusha, likaingia, ko! Hata mstari wa kutu uliokuwa pembeni ukaungana na wa mwamba. Langu likakaa kule kwenye mkunjo. Safari hii namba nikaandika kwa rangi ya mafuta, pande tatu.

Hajati nikamlipa kilo 3 za maharage, na mawe matatu ya kawaida nikamwokotea mwenyewe.

Tukashika barabara ya Kampala. Mbele kidogo, kizuizi.

"Mmebeba nini nyuma?"

"Mawe, Afande. Ya utafiti."

"Utafiti gani?"

Hapo ningesema tu "utafiti wa mawe". Lakini mtu aliyekesha na jambo hulieleza lote. "Tunapima risasi iliyomo ndani, Afande."

"Shukeni wote."

Dereva akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Gunia la kwanza likafunguliwa. Afande akaligeuza jiwe huku na huku, akapitisha kidole kwenye masizi, akanusa.

"Hili si figa hili?"

"Ni figa, Afande."

"Na hayo mengine?"

"Mafiga, Afande. Yako matatu."

Akafuta kidole kwenye gunia. "Piteni."