Kijana wetu uko jeshi la Marekani? Kiswahili chako kina pesa

Hii nawaandikia vijana wetu walioko jeshi la Marekani na wazazi wao pia, manake nakutana na wengi, watoto wa Wakenya, Wakongo, Watanzania, wamevaa kombati miaka sasa na hakuna mtu hata mmoja kwenye yuniti anajua wanaongea Kiswahili. Ukimuuliza mbona hukusema, anakuambia hakuna aliyeniuliza, ama alidhani lugha inayolipwa ni ile tu umesomea chuo. Hapana jamani. Jeshi halijali kama ulijifunzia darasani au jikoni kwa nyanya yako, linachotaka ni upite mtihani.

Iko hivi. Kuna bonasi ya lugha, wenyewe wanaiita FLPB, inaingia kila mwezi juu ya mshahara wako. Sheria imeweka kikomo cha dola 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka, lakini usiingie ukidhani utapewa zote, wengi wanapata chini ya hapo sababu kiasi kinategemea lugha yenyewe, alama zako, kazi yako, na kama jeshi linaihitaji hiyo lugha wakati huo. Kihispania kwa mfano kina wasemaji wengi mno ndani ya jeshi, kwa hiyo mara nyingi hulipwi mpaka uwe kwenye kazi inayokihitaji. Lakini tuseme umepata dola 200 tu, hiyo ni 2,400 kwa mwaka, na kwa askari wa cheo cha chini mwenye wazazi Kisumu au Goma wanaomtegemea hiyo ni karo ya mdogo wake imelipwa. Orodha ya lugha hubadilika kwa hiyo nenda uulize kituo cha elimu hapo kambini, usitegemee alichoambiwa rafiki yako kambi nyingine.

Sasa mtihani ndio nataka tuuongee vizuri, maana hapo ndipo wengi wanaanguka. Unaitwa DLPT, una kusikiliza na kusoma, alama zinaanzia 0 kwenda juu na kwa kawaida bonasi inaanza ukipata 2 kwa kusikiliza na 2 kwa kusoma. Inaonekana rahisi eeh? Mtoto aliyekulia Dallas anaongea na mamake bila shida yoyote lakini hajawahi kumaliza ukurasa mmoja wa gazeti la Kiswahili. Wa Nairobi Sheng inamtoka kama maji, wa Bukavu ana Kiswahili cha kwao ambacho ni kizuri na ni halali kabisa, lakini kwenye mtihani ule utakutana na taarifa ya habari, hotuba ya kiongozi, maoni ya mtu kuhusu uchumi, alafu kujibu unajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo hata Kiingereza chako kinapimwa hapo hapo. Mimi nasema usiende hivi hivi. Sikiliza BBC Swahili na DW kila siku ukiwa garini, soma Mwananchi na Taifa Leo, hasa zile kurasa unazorukaga za biashara na siasa, na ukimaliza habari moja jieleze kwa Kiingereza mwandishi amesema nini na anaegemea wapi. Ukifeli unasubiri miezi 6 ndio urudie. Na hata ukipita, alama zinatakiwa kufanywa upya kila mwaka la sivyo bonasi inakatwa.

Pesa kando, kuna milango. Alama za lugha zinaweza kukuongezea pointi za kupanda cheo. Kamandi yao ya Afrika, AFRICOM, iko Stuttgart kule Ujerumani, wana kambi kubwa Djibouti, na wako hapo Manda Bay, Lamu, palipovamiwa na al-Shabaab Januari 2020 wakafa Wamarekani watatu. Mimi naamini kabisa sehemu kama Lamu askari anayeweza kumwamkia mzee vizuri na kumsikiliza ana thamani kubwa, na naona ni uzembe wa jeshi kuwa na mtu kama huyo akihesabu masanduku stoo huko Texas bila kujua anajua nini. Na hili la kutumia watoto wa wahamiaji si geni kwao. Shule yao ya lugha iliyoko Monterey, California, ilianza Novemba 1941 San Francisco ikifundisha Kijapani, na karibu wanafunzi wote wa kwanza walikuwa Wamarekani wenye asili ya Japani.

Lakini msidanganyike. Kuna meseji bado zinazunguka WhatsApp ati ukijua Kiswahili unaingia jeshi hata kama huna grinkadi. Hiyo ilikuwa programu iliyoitwa MAVNI, ilitangazwa 2008, Kiswahili kilikuwa kwenye orodha kweli, zaidi ya watu 10,000 waliingia na wengi walipata uraia haraka, lakini ilisimamishwa 2016 na kuna waliobaki wakisubiri kuchunguzwa mpaka viza zao zikaisha, wengine wakaenda mahakamani. Leo lazima uwe raia au uwe na grinkadi. Na zile kazi za kutafsiri mambo ya siri zinataka uraia kwanza, alafu uchunguzi. Utaulizwa kuhusu ndugu walioko nyumbani, utaulizwa unamtumia nani pesa. Sema kila kitu, hata hiyo M-Pesa ya shangazi ya kila mwezi, kutuma pesa nyumbani si kosa, kuficha ndio kutakuharibia.

Na rikruta, yule anayekuandikisha jeshini, akikuahidi kazi ya lugha, kama haiko kwenye mkataba uliosaini, ihesabu kwamba haipo.

Wakongo ndio nawaonea uchungu zaidi. Kijana ana Kiswahili, Kifaransa, Lingala, wengine na Kinyarwanda juu, na kwenye faili lake kumeandikwa Kiingereza peke yake. Lugha zaidi ya moja zinaweza kulipwa, na zile zisizo na DLPT kuna mtihani wa kuongea kwa simu unaitwa OPI. Omba tarehe ya mtihani wa lugha unayoiweza zaidi kwanza, na ukishapata alama hakikisha zimeingia kwenye rekodi yako na watu wa malipo wamezipata.